Soda Isiyo na Sukari Siku ya Kipaimara

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu. Mhudumu akaniwekea kopo la soda mezani, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Dada, hii haina sukari kabisa." Watu wakanitazama kidogo, kisha wakarudi kwenye habari za mapambo. Nikanywa funda moja. Ladha ile ni tamu, lakini nyuma yake kuna kitu cha mbali, kama uchungu wa dawa uliofichwa vizuri. Iliponishuka kooni nikasikia masikio yamepata moto, nikaomba radhi, nikatoka nje kupunga upepo. Nina mume, nina kazi, nina mtoto anayeniita mama, na bado ladha hiyo inaweza kuninyanyua kwenye kiti.

Tulikuwa tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani ambalo ngazi zake zilikuwa na giza mchana kutwa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Chini yetu alikaa Bi Salha, mama wa Kiarabu mwenye sauti nzito, pamoja na mumewe aliyekuwa hatoki sana ndani. Duka letu lilikuwa Kariakoo, mtaa wa Kongo. Mama aliuza vyombo kwa jumla: sufuria, hotpoti, sahani, vikombe vya chai vilivyofungwa kwa nyasi kavu ndani ya maboksi. Baba ndiye aliyefuata mzigo Guangzhou, kwa hiyo miezi mingi tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na kelele za wapiga debe, na mikokoteni inayopita ikigonga kizingiti cha duka.

Nikiwa darasa la sita ikaniingia kiu. Siyo kiu ya jua. Nilikuwa nikitoka shule naenda moja kwa moja dukani, namaliza chupa ya maji, halafu natoka kwa muuza juisi ya miwa aliyesimama na mashine yake kwenye kona, nakunywa glasi, naomba nyingine. Nilipenda ilivyokuwa baridi, ile tangawizi na ndimu, povu la kijani juu. Nikimaliza naingia duka la jirani kuchukua soda. Ulimi unabaki mkavu palepale, kama sijanywa kitu. Mama alicheka mwanzoni. "Huyu mtoto atanimalizia faida yote kwa soda," aliwaambia wateja. Baadaye hakucheka tena, kwa sababu nilianza kukojoa kitandani.

Msichana mkubwa, anayeanza kuota matiti, anakojoa kitandani. Usiku mama alinibadilishia shuka tu, na asubuhi akaongea. Alisema ni uvivu. Alisema ni deko. Siku moja alinichapa na mwiko, akaanika godoro kwenye roshani upande wa mtaani, na mimi nikashuka ngazi kwenda shule nikiwa na hakika kwamba mji mzima umenyanyua macho unalitazama. Wakati huo mwili ulikuwa unaisha. Sketi ya shule ikanizunguka kiunoni. Mwishowe nilianguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, nikazinduka hospitali na dripu mkononi, na jambo la kwanza nililosikia ni nesi akimwambia mwenzake kule mlangoni, "Sukari. Mtoto mdogo hivi."

Shangazi yangu aliyekuja kutuona alisimama miguuni pa kitanda akatikisa kichwa. "Si nilisema? Zile soda za dukani. Soda zimemletea sukari."

Nami nikaipokea ile kauli kama hukumu. Nilikunywa vitu vitamu kwa tamaa, utamu ukanijaa, sasa damu yangu imekuwa juisi ya miwa. Kichwani kwangu ilikuwa hivyo hasa: niliwaza mishipa yangu ina rangi ile ya kijani, na povu. Hakuna aliyenieleza vingine, maana nyumbani jambo lenyewe halikuzungumzwa.

Mama alipanga kila kitu kwa siri, kwa ustadi ule ule aliotumia kupanga mzigo dukani. Vichupa vya insulini vilikaa ndani ya kopo la aiskrimu, chini ya kabichi, kwenye friji. Dada wa kazi aliambiwa ni dawa ya macho. Shuleni niliambiwa niseme nina matatizo ya tumbo. Dukani, chakula cha mchana kilipokaribia, mama alinitupia jicho, nami nikabeba kipochi changu nikapanda ngazi za nyuma hadi choo cha pamoja cha wapangaji wa jengo lile. Mlango haukuwa na komeo. Nilikuwa naubana kwa mguu huku navuta dawa kwenye bomba la sindano, najichoma tumboni, halafu nasikiliza kama kuna anayekuja. Insulini ina harufu, wengi hawajui. Inanuka kama plasta mpya ya kidonda. Niliosha mikono mpaka ngozi ikakauka, nikiamini wateja wananisikia harufu.

Chakula chenyewe mama alikijua vizuri, sitamnyima hilo. Kliniki walimfundisha, naye akashika. Ugali kiasi cha ngumi yangu, maharage au dagaa, mchicha mwingi, chungwa badala ya juisi ya chungwa. Wageni wakija na kreti ya soda, yangu ilikuwa ile isiyo na sukari, imemiminwa kwenye glasi jikoni ili nisionekane nakunywa peke yangu kitu tofauti. Nilifurahi nayo sana hiyo soda. Ilikuwa tamu, na sikuadhibiwa. Lakini sikuwahi kuelewa inawezekanaje. Kwa akili yangu, kitu kitamu ni kitamu. Ulimi ukishakubali, mwili nao umekubali. Nilifikiri wameweka sukari ya aina nyingine, ya wagonjwa, yenye nguvu zilezile ila isiyo na dhambi.

Basi ikaja kipaimara. Baba alikuwa amekwama na kontena, akapiga simu akasema sherehe isiahirishwe. Mama alikodi ukumbi uliokuwa juu ya maduka, mitaa michache tu kutoka kwetu, akaalika wafanyabiashara wenzake karibu wote, wale mama wa Kichaga waliokuja Dar na begi moja na sasa wana maghala. Kina mama walishona kitenge cha sare. Mimi nilivaa gauni jeupe lenye tabaka za neti, viatu vyeupe, na taji dogo kichwani. Nilijiona mzuri. Naandika hivi kwa sababu nataka ijulikane kwamba kwa saa chache siku ile nilijiona mzuri.

MC alitangaza kwamba baada ya keki watu watakula. Mama akaniinamia sikioni. "Twende haraka." Tukaingia chooni, akasimama mlangoni, nikajichoma dozi ya mlo mkubwa, maana nilijua kuna pilau na kuku na ndizi. Tukarudi meza kuu. Nikakata keki, nikawalisha wazee, na mama akanilisha kipande kidogo kama punje, tulivyokubaliana. Shampeni ya watoto ilipofunguliwa, kwenye glasi yangu ilimiminwa soda yangu kutoka kwenye chupa iliyofunikwa kwa kitambaa cha mezani. Tukagonganisha. Watu wakapiga vigelegele.

Halafu MC akabadilisha ratiba. Kundi la zawadi lilikuwa tayari nje na muziki umeshawekwa, kwa hiyo zawadi kwanza, chakula baadaye. Wakaanza kuingia kwa foleni wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, mablanketi vichwani, seti za vyombo, na kila mmoja akifika lazima aseme neno. Nilisimama mbele kuwapokea. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka nyuma ya pazia.

Ulianza ule mtetemo wa ndani ya magoti. Kisha jasho, mgongoni, chini ya zile neti. Nikamvuta mama kitenge. "Mama, natetemeka."

Nilimwona akiangalia foleni, akiangalia pazia la chakula, akiangalia watu. Kliniki walikuwa wamemwambia: akitetemeka mpe kitu kitamu upesi. Akachukua chupa iliyokuwa karibu, akanijazia glasi. "Kunywa. Kunywa yote." Nikanywa. Akanijazia tena, nikanywa. Ilikuwa tamu mpaka meno yakanisisimka. Nikasimama nikingoja utamu ufanye kazi yake, kama unavyongoja umeme urudi ukishasikia jenereta. Haukurudi.

Yaliyofuata nayakumbuka kama kitu nilichokiona kupitia kioo chenye mvuke, na mengine nilisimuliwa. Nilianza kucheka. Mama Beni, rafiki mkubwa wa mama, alipofika na zawadi yake akiwa na kofia ya manyoya, nilimwambia kwa sauti iliyosikika meza za mbele kwamba kofia yake ni mfuniko wa hotpoti. Watu wakacheka wakidhani ni utani. Nikamsukuma MC. Nikataka kuvua viatu, nikashindwa, nikakaa chini katikati ya ukumbi na gauni limenizunguka kama mwavuli. Na hapo, mbele ya mchungaji, mbele ya wanafunzi wenzangu wa kipaimara, nikajikojolea. Nililisikia joto lake, nikaliona zulia jekundu linabadilika rangi kando ya neti nyeupe.

MC alikuwa na kipaza sauti. "Jamani, shampeni imemzidi nguvu bibi kipaimara!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama Beni akamshika mama begani. "Mama Haika, mmempa ya wakubwa?"

Mama akacheka. Haya sikusimuliwa, niliyasikia mwenyewe, na ni kama yalisemwa ndani ya sikio langu. Alicheka kile kicheko cha dukani, cha kumrudisha mteja anayeondoka, akasema, "Watoto hawa! Ameonja glasi ya mjomba wake."

Nikiwa nimeketi pale chini, nisiweze kunyanyua mkono, nilielewa kwa uwazi kabisa kitu kimoja tu. Mama ameona ni heri niwe mlevi.

Bi Salha alikuwa meza za nyuma. Alikuja akisukuma viti, buibui limemteleza begani, akapiga magoti kwenye zulia lile lililolowa bila kuliangalia. Akaniwekea kiganja shingoni.

"Jasho la baridi hili," alisema. "Mama Haika, mtoto anachoma sindano?"

Mama akageuka kuwatazama wageni.

"Nakuuliza wewe. Mume wangu huwa hivi hivi. Anachoma sindano au hachomi?"

"Anachoma," mama alisema, chini kwa chini.

"Amekunywa nini?"

Mama akaonyesha chupa. Bi Salha aliivua kile kitambaa, akaigeuza, akasoma, akaitupa pembeni. "Hii haina kitu ndani yake! Leteni soda ya machungwa, ya kawaida. Na we kijana zima huo muziki."

Alinipakata kichwa. Alininywesha kidogo kidogo, akingoja nimeze ndipo anipe tena, akiniita mwanangu, mwanangu, meza. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka dunia ilirudi kuanzia kwenye vitu vidogo: pete yake ya fedha, kisha sauti ya feni, kisha nyuso. Zilipofika nyuso nikatamani nisingerudi. Walikuwa wamesimama mduara, na wale wenzangu wa kipaimara walikuwa mbele kabisa, na mmoja wao alikuwa ameziba pua.

Nililazwa usiku mmoja wa uangalizi. Daktari wa asubuhi alikuwa msichana mwembamba, mpole, aliyevuta kiti akakaa badala ya kusimama. Mama alimweleza yote, kisha akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo, "Lakini daktari, si ilikuwa tamu?"

"Tamu mdomoni," daktari alisema. "Kwenye damu haileti chochote. Insulini aliyojichoma ilikuwa inaendelea kushusha sukari, na hakukuwa na cha kuipandisha. Siku za kawaida anaweza kuinywa kwa kiasi, ingawa maji ni bora. Akitetemeka, hapana. Hapo ndipo anahitaji sukari yenyewe."

"Wanasema ulimi ukionja tu utamu, mwili nao unatoa insulini," mama alisema.

Daktari akatabasamu. "Wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema kongosho linashtuka kidogo, wapo waliopima wasione kitu. Kwa mtu mzima wa afya anayekula mlo kamili, pengine ni jambo dogo. Kwa Haika halipo kabisa. Kongosho lake limeacha kutoa. Insulini yake ni ile ya kwenye sindano, ulimi wake hauwezi kuiita."

Nilivuta shuka hadi kidevuni. Nilijua nikichelewa sitauliza tena maisha yangu yote. "Daktari, ni zile soda nilizokunywa dukani ndizo zilizoniletea?"

"Soda zipi?"

"Nilipokuwa darasa la sita. Na juisi ya miwa. Nilikunywa sana."

"Ulikuwa na kiu?"

"Sana."

"Basi ulikuwa tayari unaumwa," alisema. "Ile kiu ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Na kukojoa pia. Hukujiletea kitu, Haika."

Mama alikuwa amesimama dirishani. Alipolisikia lile neno la kukojoa aliukamata ukingo wa dirisha. Daktari alipotoka alikaa kitandani, mgongo kwangu, akaongea akiwa anatazama ukuta. Kule kwao Rombo alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyemfuata, akakonda hivihivi, akanywa maji hivihivi, akafa kabla ya kubalehe. Watu walisema ni mkono wa mtu. Halafu wakaanza kusema mtu mwenyewe ni bibi yangu, mama yake mzazi. Yule mtoto alizikwa na watu wachache, na bibi hakusalimiwa njiani mpaka alipozeeka.

"Nilijua wakisikia wataanza tena," mama alisema. "Kwangu. Na kwako. Nikasema bora wasijue."

Nilimhurumia, lakini niliendelea kukisikia kile kicheko.

Tulirudi dukani wiki iliyofuata. Sikutaka kwenda, niliogopa mtaa mzima, ila mama hakutaka niwe mbali na macho yake. Nilijibanza nyuma ya rundo la sufuria. Mchana mama lishe akaleta wali, maharage na mchicha, akaweka kaunta. Mama akanitupia lile jicho, nami nikachukua kipochi changu kwenda ngazi za nyuma. Ndipo akaingia Mama Beni na wateja wawili aliowaleta kutoka Morogoro.

"Shikamoo mama," nilisema nikiwa nimeinamia sakafu.

"Marahaba! Eh, mlevi wetu huyu hapa!" Akawageukia wale wateja. "Huyu alituchezesha sherehe, mama yangu. Alipiga shampeni mpaka akalowesha zulia."

Wale wateja wakacheka kwa adabu. Mchukuzi aliyekuwa anafunga maboksi naye akacheka. Mama alikuwa na hotpoti mkononi, anaifuta vumbi. Nilimtazama, nikasubiri kile kicheko.

"Hakulewa," mama alisema.

"Ah, Mama Haika, utani tu."

"Hakulewa. Ana kisukari. Nilikudanganya wewe na watu wote." Akaiweka ile hotpoti kwenye rafu, ikagonga nyingine. Kisha akaniita bila kugeuka. "Haika, unaenda wapi? Njoo uchome hapa. Chakula kinapoa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasogea kaunta. Nilitamani asingesema. Ndiyo, baada ya yote yale, nilitamani aniache niende zangu chooni kwenye mlango usio na komeo. Vidole vyangu vilikuwa vizito kwenye kifuniko cha bomba. Nilinyanyua pembe ya blauzi, na ule upepo wa feni ukanigusa tumboni, mbele ya Mama Beni, mbele ya watu wa Morogoro, mbele ya mtaa wa Kongo uliokuwa unapita mlangoni na mizigo yake. Yule mchukuzi akageuza uso ukutani.

Mama Beni alifunika mdomo kwa mkono. "Mungu wangu. Pole, mwanangu," alisema, na macho yake yalimwendea mama, nikaona anaanza kuwaza yale ambayo mama aliogopa watu watayawaza.

Nikamtazama mama ili nijue nifanye nini. Nilitegemea kumwona amekuwa jasiri. Hakuwa. Uso ulikuwa umemwiva, midomo imekauka, na mikono yake ilikuwa imebana ukingo wa kaunta. Alikuwa anaona aibu kama mimi, pengine kunizidi. Lakini hakuondoka, wala hakunikinga kwa kitenge chake. Alibaki amesimama na aibu yake pale pale kando yangu, watu wakituangalia, mpaka nilipochomoa sindano.